Benki Ilipomfungia Shangazi Akaunti

Simu ya benki ilikuja saa nne za asubuhi, mwezi wa tatu wa eda ya shangazi. Aliipokea mwenyewe, akasikia sauti ya mwanamume, na papo hapo akanisukumia simu mimi niliyekuwa nimeketi kwenye mkeka nachambua mchele. Alinipa ishara ya mkono: sema wewe.

Shangazi ni dada wa baba yangu. Alikuwa amefiwa na mumewe, na kwa kuwa hakujaliwa mtoto, mimi ndiye niliyehamia nyumbani kwake Mji wa Kale nikae naye hiyo miezi minne na siku kumi. Mashekhe wetu wamesema mara nyingi, hata redioni, kwamba mwanamke aliye edani anaweza kuzungumza na mwanamume akiwa na haja ya maana. Shangazi alikuwa akiwasikiliza kwa adabu, kisha akifuata aliyoyafuata mamake: hatoki, haonekani na mwanamume asiyekuwa maharimu wake, wala sauti yake haisikiki. Muuza samaki alikuwa akipatana bei na mimi dirishani, huku shangazi akininong'oneza kutoka nyuma ya mlango kwamba nguru huyo ni wa jana.

Basi nikaiweka simu sikioni. Kijana wa benki akataja jina kamili la shangazi, akauliza kama anazungumza naye. Kueleza mambo ya eda kungechukua dakika tano, na mchele ulikuwa unaningoja.

"Ndiye mimi," nikasema.

Akaniomba mwaka wa kuzaliwa. Nikampa bila kusita, maana mwaka aliozaliwa shangazi unajulikana na ukoo mzima: ni mwaka ambao babu alinunua nyumba ile. Kumbe kwenye kitambulisho, karani wa zamani aliandika alivyojua yeye, akamwongezea shangazi miaka minne, na shangazi hakujishughulisha kwenda kurekebisha. Kijana alinishukuru kwa upole ambao ulinitia wasiwasi, akakata simu. Alasiri nilipokwenda kutoa pesa za matumizi, mashine iliikataa kadi. Nilijaribu mashine ya pili, nayo ikakataa.

Sasa nieleze kabla sijaendelea, maana nikiruka hapa nitakuwa nimekupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Benki ilikuwa na sababu ya kupiga simu ile.

Mume wa shangazi alikuwa mstaafu wa bandari, mtu mpole wa kutembea na mwavuli hata jua likiwaka. Miaka kumi na mitano kabla ya kufa kwake alioa mke wa pili, upande wa Likoni. Shangazi alilia siku tatu, siku ya nne akapika biriani. Mimi sikulia, ila nilikasirika, na hasira yangu ikadumu miaka yote kumi na mitano. Kila Ijumaa baada ya swala mzee alikuwa akichukua kikapu chake akaenda Feri kuvuka, na kila Ijumaa mimi, kama nilikuwepo, niligeuza uso. Wake wenyewe hawakuwahi kusemezana hata neno moja. Hawakugombana, walikaa tu kila mmoja upande wake wa maji, na mzee akawa ndiye daraja.

Alipokufa, wanawake wawili wakaingia eda siku moja, saa moja. Pensheni yake ikasimama kungoja makaratasi, nayo makaratasi ya Kenya unayajua. Shangazi hakuitegemea sana. Ana duka chini ya nyumba, urithi wake kutoka kwa babu, analipangisha kwa muuza vinyago anayewavizia watalii wakitoka Ngome ya Yesu, na kodi huingia benki moja kwa moja. Ni mali yake mwenyewe, hakuna mwenye neno juu yake.

Wiki ya pili aliniita chumbani.

"Kila mwezi ntolee kitu benki, umpelekee mwenzangu kule ng'ambo," akasema.

Nikajifanya sikuelewa. "Mwenzako nani?"

"Wamjua. Na yeye yuko ndani kama mimi, na ana watoto wawili wa shule. Nani atamwekea sufuria mekoni? Usiseme maneno mengi. Ingia, msalimu, mpe, utoke."

Akanipa kadi, akanipa na simu yake na namba ya siri. Sikubisha, kwa sababu mtu wa rika langu habishani na shangazi yake.

Mwezi wa kwanza nilifika mpaka Feri. Nilisimama pale wanapokusanyika watu kungoja kivuko, pesa ziko mkobani, nikawatazama wanaoshuka na wanaopanda. Nikamkumbuka shangazi siku zile tatu za machozi. Nikajiambia kwamba mwanamke yule amekwisha kuchukua nusu ya mume, na sasa anataka nusu ya duka. Kivuko kikaondoka nikiwa ukingoni. Nilirudi mjini, nikaziweka zile pesa kwenye akaunti yangu, nikajiambia namwekea shangazi, siku akiamka atanishukuru.

"Umefika?" akaniuliza nilipoingia.

"Nimefika."

"Yu mzima?"

"Yu mzima."

Mwezi wa pili sikujisumbua hata kwenda Feri. Nilizihamisha kwa simu, kutoka kwake kuja kwangu, nikiwa nimekaa barazani nakunywa kahawa chungu. Mwezi wa tatu vivyo hivyo, na siku mbili baadaye ndipo benki ikapiga. Sikula hata shilingi. Neno hilo ndilo nililoliweka mbele siku zote, sikula hata shilingi, na nilikuwa nikijisikia mwema kabisa. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi miaka ishirini na saba kabla ya kustaafu mapema; mtu akifundisha muda wote huo huanza kuamini kwamba kila mtu ni mwanafunzi wake.

Kesho yake asubuhi nilikwenda benki nikiwa nimejaa. Nilifunga buibui vizuri, nikajitengenezea maneno njiani, na nilipofika nikayamwaga yote mezani kwa afisa wa kike, mtu wa bara, mpole, mwenye miwani. Nilimwambia wamemfungia akaunti mjane. Nilimwambia shangazi ana dawa za presha. Nilimwambia kwetu mwanamke akiwa edani hazuruli kwenye mabenki, na kama hawajui mila za watu waulize kabla ya kuja kufanya kazi Mombasa. Watu kwenye foleni wakageuka kunitazama, na mimi nikazidi kupaza sauti.

Yule dada alinisubiri nimalize. Halafu akasema, "Mama, hatujazichukua pesa zake. Tumezisimamisha, ili tumlinde mwenye akaunti."

"Mumlinde na nani?"

"Bado hatujajua," akasema, na macho yake hayakutoka usoni kwangu.

Akanieleza taratibu. Alisema ziko nchi ambazo zimetunga sheria kamili juu ya jambo hili: benki ikiona mtu mzima asiyeweza kujitetea vizuri, awe mzee au mgonjwa, anatumiwa na mtu wa karibu, ina ruhusa kuzuia pesa zisitoke mpaka iulize. Hapa kwetu, akasema, wao wana utaratibu wao wa ndani, lakini fikra ni hiyo hiyo. Mara nyingi anayewatumia wazee hatoki mbali. Akataja mambo matatu waliyoyaona: mwenye akaunti hajaonekana muda mrefu, pesa zinahamia kwa mtu mmoja, na kwenye simu kuna mwanamke aliyejifanya ni yeye na hakujua mwaka wake wa kuzaliwa.

Nilitaka kumweleza habari ya babu na nyumba, nikaona haisaidii.

"Tunahitaji kumwona mwenyewe," akasema. "Kama hawezi kuja, tutakuja sisi. Nitakuja mimi, mwanamke, msihofu. Lakini nitazungumza naye peke yake."

Alikuja siku ya pili yake, saa kumi. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, akasema shikamoo, shangazi akaitika marhaba na kumkaribisha akae kitandani karibu yake, jambo ambalo hamfanyii kila mtu. Nilileta chai ya tangawizi na mahamri. Nilipotaka kuketi, yule dada akaniangalia tu. Nikatoka, na mlango ukafungwa nyuma yangu.

Nilikaa ukumbini kwenye kiti cha marehemu. Nataka niseme wazi niliyoyahisi, maana wakati ule sikumwambia mtu: niliogopa. Nilikuwa nimemfulia shangazi, nimempikia, nimemkanda miguu, nimeiacha nyumba yangu miezi mitatu, na sasa nilikuwa nje ya mlango nikingoja kujua kama mimi ni mwizi. Sauti ya yule dada niliisikia kama mvumo, sauti ya shangazi sikuisikia kabisa. Mara moja nilimsikia akicheka. Nikapata matumaini.

Mlango ukafunguliwa. Yule dada akaniita ndani, akakaa, akafungua daftari lake.

"Mama anasema wewe humwibii," akasema. "Anasema kila mwezi hukutuma upeleke pesa Likoni kwa mke mwenzake, na kwamba umepeleka miezi mitatu. Sisi tumeona pesa za miezi miwili zimeingia kwenye akaunti yako, na baada ya hapo hatuoni zilikokwenda. Nataka uniambie mbele yake. Zilifika Likoni?"

Shangazi alikuwa anatabasamu. Alikuwa ameshanisafisha, na alikuwa akingoja nilithibitishe neno lake ili mgeni amalize chai aende. Ningeweza kusema nilizitoa taslimu, kwa kuwa akaunti yangu iko benki nyingine, ningeweza kusema lolote, na yeye angelishikilia.

"Hazikufika," nikasema. "Hata za mwezi wa kwanza. Zote ninazo."

Tabasamu lake halikuondoka mara moja. Lilikaa usoni kidogo, kisha likaondoka. Nilianza kueleza. Nilisema namwekea yeye, nilisema sikula hata shilingi, nilisema juu ya miaka kumi na mitano na siku tatu za kilio. Shangazi akainua mkono.

"Nyamaa."

"Kilio kilikuwa changu," akasema taratibu. "Nalilia nikamaliza. Wewe umekiweka cha n'ni?" Akatengeneza ushungi wake. "Nimekuuliza yu mzima. Mara tatu nimekuuliza. Ukanambia yu mzima."

Hakupandisha sauti. Ningependa angenipiga kofi. Nilimtazama yule dada wa benki kutafuta msaada, kichekesho kilioje, na yeye alikuwa ameinamisha uso kwenye daftari kama mtu aliyeingia msibani kwa watu asiowajua.

Baada ya muda akasema kwa heshima kwamba, kwa kuwa mwenye akaunti ameonekana na akili zake ni timamu, na pesa zipo, benki inaweza kuifungua akaunti siku ileile mama akitaka. Shangazi akamwambia asifungue.

"Iwache hivyo hivyo mpaka n'toke eda," akasema. "Nyumbani muna mtele, muna unga, dawa n'nazo. Kwa sasa, akaunti yangu imelala salama kwenu kuliko kwangu."

Mimi nilikuwa nimesimama palepale, kati ya kitanda na mlango. Nimesikia watu wakilalamika kwamba benki kumfungia mzee pesa zake ni kumfanya mtoto. Huenda ndivyo inavyokuwa mara nyingine, nami nililisema hilo kwa kelele mbele ya foleni nzima. Lakini aliyemfanya shangazi mtoto nilikuwa mimi, nilipomwamulia nani apewe na nani akose, kisha nikamdanganya ili alale vizuri. Benki ilimwuliza swali. Mimi sikumwuliza.

Asubuhi iliyofuata nilitoa zote kwenye akaunti yangu, za miezi mitatu, nikavuka.

Nyumba ya mke mwenza ilikuwa vyumba viwili nyuma ya msikiti, na mlango wake ulikuwa umefunguliwa nusu. Sikuwahi kumwona kwa karibu. Kichwani mwangu miaka yote alikuwa mwanamke mrembo mwenye hina mpaka kwenye viwiko. Nilimkuta mama wa umri wangu, mwembamba, na nguo za eda kama za shangazi, anaosha mbaazi kwenye sinia. Binti yake mkubwa alikuwa nyumbani siku ya shule. Sikuuliza sababu kwa kuwa niliijua, nikatazama pembeni.

Nilimsalimu, nikampa bahasha, na nikamwambia ukweli kabla hajaifungua, kwamba zilitolewa kila mwezi na ni mimi niliyezizuia. Aliiweka kwenye mkeka bila kuitazama.

"Shangazi yako yuwaonaje?" akauliza.

"Hajambo."

"Alhamdulillahi. Miezi hino yote nalidhani yuwaumwa. Marehemu alinambia mwenzangu hatanitupa. Ijumaa ya kwanza haikuja kitu, nikasema amechoka. Ya mwezi wa pili nikasema ameshikwa na presha, maana marehemu alikuwa akinambia habari za presha yake. Nikawa namuombea kila swala."

"Namba yake huna?"

"N'nayo. Marehemu alinandikia, akasema nikipatwa na jambo nimpigie." Akarudi kwenye mbaazi zake, akatoa jiwe dogo, akalitupa kando. "Ningempigia angedhani namdai. Yeye yuko edani, mimi niko edani. Tungeanza na hilo?"

Alinilazimisha kunywa chai. Nilikunywa mpaka ikaisha. Binti aliipeleka bahasha ndani, na kesho yake, nilikuja kusikia, alirudi shule. Alikuwa amekosa wiki tatu za masomo. Mimi mwalimu najua vizuri wiki tatu ni kitu gani katika mwaka wa mtihani, na sina wa kumsingizia.

Nilirudi kwa shangazi nikamweleza kila neno, mpaka la mbaazi. Alisikiliza akiwa na tasbihi mkononi. Hakusema kitu juu ya kunisamehe wala kutonisamehe. Jioni alinambia nguru niliyemnunua alikuwa mzuri, na hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu ya siku ile.

Siku zilizobaki nilipika, nilifua, na sikuligusa jambo lake lolote bila kuuliza. Nilikuwa nauliza mpaka akachoka. "Hata chumvi waniuliza? Tia chumvi, mama, sikukukataza chumvi," akasema, na hiyo ikawa mara yake ya kwanza kunitania tangu siku ile.

Eda ilipokwisha, shangazi alioga, akavaa leso mpya, wanawake wa mtaa wakamfukiza udi na kumpaka hina miguuni. Kule ng'ambo nadhani walifanya vivyo hivyo, maana zilikwisha siku moja. Kesho yake alivaa buibui, akashika mkono wangu, tukaenda benki kwa miguu, polepole, huku akisalimiana na kila baraza. Kila mtu alitaka kumpa pole upya, na safari ya dakika kumi na tano ikachukua saa nzima.

Yule dada mwenye miwani alitutoa kwenye foleni akatupeleka mezani kwake. Akamweleza kwamba mwaka wa kuzaliwa kwenye kumbukumbu zao utabaki ule wa kitambulisho. Shangazi akasema basi na awe mkubwa, maadamu ameshaandikwa. Wakabadilisha kadi na namba ya siri. Nilisimama nikaenda kutazama mabango ukutani alipokuwa akiibonyeza ile mpya, bila mtu kuniambia.

Niliporudi, yule dada alikuwa ametandaza fomu nyingine. Alieleza kwamba mteja wa umri wake anaweza kuandikisha watu anaowaamini. Hawatakuwa na ruhusa ya kutoa pesa wala kujua salio, akasema; ila siku benki ikiona jambo la kutia shaka na mama mwenyewe hapatikani, mtu huyo ndiye atakayepigiwa simu kwanza. Kulikuwa na nafasi mbili, ya kwanza na ya pili.

Ni mazoea tu, nadhani. Nilifungua mkoba nikatoa kitambulisho changu, nikakiweka mezani.

Shangazi alikitazama. Akanisogezea fomu na kalamu.

"Andika wewe, mimi mato yangu hayaoni vitu vidogo," akasema.

Nikashika kalamu, nikaanza kuandika herufi ya kwanza ya jina langu.

"Sikukwambia ujiandike," akasema. Akalitaja jina la mke mwenzake, lote, mpaka la babu yake. Halafu akaitaja namba yake ya simu, tarakimu moja moja, kutoka kichwani, bila kutazama popote. Sikujua hata kama anayo. Niliandika yote kwa mwandiko wangu wa ubaoni. Penye uhusiano nikasita.

"Mke mwenza," akasema. "Andika vizuri, pasomeke."

Nikaandika. Yule dada wa benki akasoma, akasoma tena. Kisha akaonyesha kwa kidole nafasi ya pili, akatutazama sote wawili, akauliza kama aandike jina la mpwa wake.

Shangazi alifikiri. Alifikiri muda mrefu, mpaka nikasikia mashine ya kuhesabia noti kule kwa makarani. Akakichukua kitambulisho changu pale mezani, akakirudisha mwenyewe mkobani mwangu, akafunga zipu na kuupigapiga mkoba kwa kiganja.

"Hiyo iwache wazi," akamwambia yule dada. "Huyu n'nampenda. Kumuamini, tungali twamtazama."

Ni mwaka wa pili sasa, na nafasi ile ingali wazi.